Jembe Lililoniamini

Nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, hafanyi kitu. Hilo peke yake lilinitisha. Mama hakuwa mtu wa kuketi mikono mitupu. Hata akizungumza na mgeni alikuwa akichagua mawe kwenye ndengu. Nikatua mkoba wangu. Akaniangalia, akasema, "Umekuja, baba."

Aliniita baba kwa sababu nilipewa jina la babake, kama ilivyo desturi kwetu. Siku za kawaida alilitamka kwa mzaha, hasa akitaka kunituma dukani. Siku hiyo alilitamka kama mtu anayemwita baba yake kweli.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati vyuo vikuu vilikuwa vikifungwa kila wanafunzi walipogoma, na wanafunzi walikuwa wakigoma mara kwa mara. Nilikuwa mwaka wa tatu, nikisoma fizikia. Chuo kilipofungwa safari hiyo sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipita Embu nikaenda hadi Meru, nikakaa Makutano na rafiki yangu wa darasani, tukipakua magunia ya viazi kwenye duka la mjomba wake mpaka mjomba akatuchoka. Rafiki akaenda kwao Ruiri kuchunga ng'ombe. Mimi nikashuka kwetu, kwenye joto na vumbi, upande wa Gachoka.

Katika wiki hizo ndipo mbuzi wa baba mdogo alipopotea. Alikuwa mbuzi jike, mwenye mimba. Ilikuwa Jumapili, watu wote wako kanisani, na waliporudi wakakuta kamba imekatwa kwa kisu. Ni mtu mmoja tu hapo bomani ambaye hakwenda ibadani, naye ni mama, aliyekuwa amelala na malaria. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na mume wa kumsemea. Baba mdogo, ambaye ni ndugu mdogo wa baba, hakupiga kelele. Alisema maneno machache kisimani na mengine machache sokoni, kisha akayaacha yajitembeze yenyewe.

"Nimekubali kulamba," mama akasema.

"Kulamba nini?"

Alijua nimeelewa.

Nilidhani jambo hilo lilizikwa na kizazi cha babu. Chuma, nilivyosikia ni kisu, huwekwa motoni mpaka kiive. Anayeshukiwa hutaja anachoapia mbele ya ukoo, kisha hulamba. Ulimi ukiungua, alikuwa akidanganya. Ukibaki mzima, amesema kweli na hakuna atakayemsema tena.

"Mhubiri anasemaje?"

"Anasema niombe."

"Na chifu?"

"Anasema hayo ni mambo ya nyumbani, tuyamalize nyumbani."

"Basi kataa, mama. Nani atakulazimisha?"

Akanyoosha kanga yake juu ya magoti. "Jumapili iliyopita nilianzisha wimbo. Hakuna aliyeitikia. Niliimba ubeti mzima peke yangu, baba. Nikamaliza, nikakaa." Mama ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo kanisani tangu nikiwa mtoto. "Kesho asubuhi nitalamba, na hayo yataisha."

Kesho asubuhi. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kitu teke.

Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza. Nilikuwa nimemuuliza mhubiri, nikiwa darasa la saba, kwa nini Mungu anayejua yote anahitaji kuambiwa mvua haijanyesha, nikachapwa. Chuoni nilimuuliza mhadhiri kwa nini tuamini namba zilizoandikwa kwenye jedwali kama hatujawahi kuzipima, naye akanipa mtungi wa shaba na themomita akaniambia nikapime. Kwa hiyo jioni hiyo, jua likiwa bado juu, nilifanya nilichojua kufanya. Niliamua kukipima kisu.

Mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari iliyo karibu aliniazima themomita. Nilichukua kisu cha mama cha jikoni, nikakipima kwenye mizani ya duka: gramu mia na ishirini. Nikakizika kwenye makaa ya jiko. Nikapima nusu lita ya maji nikayatia kwenye kikombe kikubwa cha plastiki. Maji yalikuwa digrii ishirini na nne. Kisu kilipokaa motoni cha kutosha, nikakichomoa na kukitumbukiza. Kilitoa mlio, kikatoa kamvuke, kikanyamaza. Nikakoroga. Themomita ikapanda hadi thelathini na tatu, ikasimama.

Digrii tisa tu! Kisu ambacho kingeunguza mkono wangu hadi kwenye mfupa kilikuwa kimeyafanya maji ya kikombe kimoja kuwa vuguvugu, si hata maji ya kuogea mtoto.

Ajabu hiyo si ya kisu, ni ya maji. Kila kitu kina kiasi chake cha joto kinachokidai ili kilo yake moja ipande digrii moja. Maji yanadai sana, karibu jouli elfu nne na mia mbili. Chuma hudai kidogo, kama mia nne na hamsini. Ndiyo maana chuma hupata moto haraka na kuumaliza haraka, na maji ya chai hukufanya usubiri. Nikapiga hesabu kwa kijiti kwenye vumbi. Nusu kilo ya maji, mara elfu nne na mia mbili, mara digrii tisa: jouli elfu kumi na nane na mia tisa. Hizo zote zilitoka kwenye kisu. Kisu chenye uzito ule hutoa jouli hamsini na nne kwa kila digrii inayoshuka. Gawanya. Kilikuwa kimeshuka digrii mia tatu na hamsini, yaani kilitoka motoni kikiwa karibu na mia nne, na zaidi kidogo ukihesabu ule mvuke uliopotea.

Nikafanya jaribio lingine. Nikakirudisha kisu motoni, nikakichomoa, nikakigusisha kitambaa kikavu mara moja, haraka. Kitambaa kikapata alama ya kahawia. Nikafanya vivyo hivyo kwa kitambaa kilicholowa. Kililia *shii*, kikabaki cheupe. Maji yalikuwa yamelipokea lile pigo, yakageuka mvuke, na nyuzi chini yake hazikujua kitu.

Nikabaki nimechuchumaa pale. Ulimi ni kitambaa. Ulimi uliolowa hupona, ulimi mkavu huungua. Na ni mdomo wa nani unaokauka mbele ya watu? Wa mwenye hofu. Mwizi anayejua ameiba huogopa, mate humwishia. Labda ndipo wazee wa zamani walipopatia. Lakini mtu asiye na hatia akiogopa je? Chuma kingejuaje tofauti?

Nikaingia jikoni. "Mama, kesho unywe maji. Mengi, mpaka dakika ya mwisho. Na uweke ukwaju mdomoni." Nikampa kipande cha ukwaju nilichochuma njiani.

Alikiangalia, akakirudisha mkononi mwangu. "Nimefunga."

"Umefunga nini?"

"Kula na kunywa. Tangu asubuhi ya leo. Nimemwambia Mungu sitatia kitu kinywani mpaka jambo hili liishe."

"Mama, hata maji?"

"Hata maji."

Nilimweleza. Nilimwonyesha vile vitambaa viwili. Nilimwambia habari ya jouli, na nadhani sauti yangu ilipanda. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyonisikiliza siku zote, akiwa amekishika kile kitambaa chenye alama ya kahawia. Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka.

"Kwa hiyo unataka nimdanganye Mungu ili nikidanganye chuma," akasema. "Nenda kalale, baba."

Asubuhi ukoo ulikutana kwenye uwanja wa baba mdogo, kati ya nyumba na ghala la mtama. Wanaume walikaa upande mmoja kwenye mabenchi ya kanisa, nikajiuliza nani aliyatoa. Wanawake walisimama upande mwingine, na kati yao na mama kulikuwa na nafasi ya watu watatu. Mama alisimama wima. Alikuwa amevaa nguo yake ya kwaya.

Baba mdogo aliponiona akainua mkono. "Profesa! Karibu. Tulidhani serikali imekufunga pamoja na chuo."

Watu wakacheka. Nikaketi.

Mhunzi wa ukoo, mzee mfupi mwenye mikono iliyojaa makovu, alikuwa ameinama juu ya moto, na mjukuu wake akivuta mivukuto. Nikatafuta kisu kwenye makaa. Hapakuwa na kisu. Palikuwa na jembe, la zamani, la kufuliwa kwa mkono, bila mpini. Alipoligeuza kwa koleo niliona jinsi kifundo cha mkono wake kilivyolemewa. Nikakisia: kilo moja, labda zaidi. Hesabu yangu yote ya jana ilikuwa ya gramu mia na ishirini. Hili lilikuwa limebeba joto mara nane, au tisa. Halingepoa likigusa mate. Lingeendelea kutoa, na kutoa, kadiri ulimi ungekaa juu yake. Mtu mwenye mdomo uliolowa angepata kitambo kidogo sana. Mtu aliyefunga tangu jana hangepata hata hicho.

Nikamtazama mama. Alijaribu kumeza, nikaona koo lake likikwama.

"Mama wa kijana huyu," mzee aliyekuwa akiongoza kikao akaanza, "njoo mbele."

Nikasimama. "Wazee, naomba kuuliza."

"Alaa! Tayari!" baba mdogo akasema. "Kesi haijaanza na huyu ana maswali."

"Mwache aulize," mzee akasema. Alikuwa mtu mtaratibu, karani mstaafu wa pamba, aliyependa mambo yaende kwa utaratibu.

"Mtu akiwa na shaka na chuma hiki, desturi inasemaje?"

Wazee wakatazamana. Mhunzi ndiye aliyejibu, bila kuinua uso kutoka motoni. "Mwenye shaka hulamba kwanza. Ilikuwa hivyo."

"Basi mimi nina shaka."

Nikasikia mama akisema jina langu, lile la ubatizo, ambalo hakuwahi kuliita ila nikiwa nimekosa.

Baba mdogo alikuwa akitabasamu. "Mpeni, mpeni Profesa. Aonje."

Nilikuwa nimepanga kila kitu usiku ule, na nilijiona mwerevu sana. Nisingelamba nikisema kweli. Hiyo isingethibitisha lolote. Ningesema uongo, uongo mkubwa, uongo ambao kila mtu pale anajua ni uongo, kisha nilambe na nisiungue. Chuma kingekuwa kimemwachilia mwongo mbele ya macho yao. Baada ya hapo nani angemwambia mama alambe?

Tangu alfajiri nilikuwa nimekunywa maji hadi tumbo likawa linacheza, na ukwaju ulikuwa shavuni. Lakini mhunzi alipoliinua lile jembe na kulileta, likiwa na rangi ya kijivu na hewa ikitetemeka juu yake, mdomo wangu ukakauka papo hapo, kama ndoo iliyomwagwa. Nikauma ukwaju. Hakuna kitu. Nikauma tena, nikafikiria ule uchachu wake wote, nikafikiria ndimu, maembe mabichi yenye chumvi. Mate yakaja kidogo kidogo, kama maji ya bomba la mjini.

"Sema," mzee akaniambia.

"Mimi," nikasema kwa sauti, nikiwageukia wote, "ndiye niliyemwiba mbuzi wa baba mdogo."

Mtu mmoja alicheka kisha akaacha. Nikatoa ulimi na kulamba.

Sauti niliisikia kabla ya kusikia chochote kingine: *shii*, ileile ya kitambaa. Kisha kama sindano upande mmoja, karibu na meno. Kisha basi. Mhunzi akaliondoa jembe, akaniambia nisimame hapo. Tukangoja. Kuku alipita kati ya miguu yangu. Kisha mhunzi akanishika kidevu. "Toa." Nikatoa. Akaangalia juu, akaangalia chini, mzee naye akaja akaangalia.

"Mzima," mhunzi akasema.

Nilijisikia mrefu kama mnazi. "Mmeona?" nikapaza sauti. "Nimesema uongo mbele yenu na sikuungua! Jembe hili halijui kitu. Ni chuma na joto tu. Ni mate!"

Mzee alikuwa akirudi kwenye benchi lake. Akageuka polepole. "Ni nani amesema umesema uongo?"

"Mimi nasema. Mimi mwenyewe!"

"Wewe umesema umemchukua mbuzi. Jembe limekubali."

"Lakini mzee, mimi sikuwepo! Nilikuwa..." Nikasimama hapo. Niliona nilichokuwa nakwenda kusema, na nikaona kuwa hakipo.

"Ulikuwa chuoni?" baba mdogo akauliza. Hakuwa akitabasamu tena. "Chuo kilifungwa. Redio ilitangaza, kijiji kizima kikasikia. Mama yako mwenyewe alikuwa akiuliza watu uko wapi."

"Nilikuwa Makutano. Meru."

"Na magari ya Makutano huja upande upi? Hayaji huku?"

"Nilikuwa na rafiki."

"Yuko wapi huyo rafiki?"

"Ruiri. Anachunga ng'ombe."

"Ala, mbuzi amekwenda Ruiri!" mtu akasema kutoka nyuma, na kicheko safari hii kilikuwa kingine, cha watu walioshusha mzigo. Nilikisikia hata upande wa wanawake.

Nikageuka kumtafuta mama. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwa nimekipanga. Ile nafasi ya watu watatu haikuwepo. Mke wa baba mdogo alikuwa amesimama kando yake, amemshika mkono. Mwanamke mwingine alikuwa akimfunika mabega kwa leso. Walikuwa wakimhurumia: maskini, kijana aliyemsomesha kwa jasho. Mama alikuwa amefungua kinywa aseme. Nilijua angesema nini. Angesema mimi si mwizi, kwamba chuma kimekosea, na kama chuma kimekosea, basi lazima kirudiwe, na yeye ndiye aliyebaki.

Nikamwangalia, nikatikisa kichwa. Mara moja tu.

"Mama huyu hana haja ya kulamba," mzee akasema. "Mwenye neno amejitaja. Mhunzi, zima."

Jembe likatumbukizwa kwenye karai la maji. Lilinguruma kwa muda mrefu. Hata wakati huo, sijui kwa nini, niliyatazama maji nikikadiria yamepanda digrii ngapi.

Walikubaliana nitoe mbuzi wangu mmoja, niliyepewa na babu, na kwa kuwa wa baba mdogo alikuwa na mimba, niongeze mwanambuzi baadaye. Niliitikia kila walichosema. Kwa miaka mingi nilipopita sokoni kuna walioniita Profesa wa Mbuzi. Mbuzi mwenyewe hakuonekana, na mpaka leo sijui alikwenda wapi.

Alasiri ndipo lengelenge lilipojitokeza. Lilikuwa dogo, upande wa kushoto wa ulimi, pale niliposikia sindano. Nililigusa kwa jino nikakaa kwenye kitanda changu, nikifikiria. Ningeweza kutoka wakati huohuo, niende kwa mzee nimwonyeshe. Tazama, nimeungua, kwa hiyo nilisema uongo, kwa hiyo sikuiba. Angenikubali mara moja. Jina langu lingesafishwa. Na jembe lingekuwa limeshinda tena, na kesho yake asubuhi wangemwita mama.

Hakukuwa na upande wa kutokea. Nisipoungua jembe ni la kweli. Nikiungua jembe ni la kweli. Nilikuwa nimewahi kusoma makosa mengi ya kupima, lakini sikuwahi kukutana na kipimo kisichoweza kukosea. Nikaamua kufunga mdomo.

Mama alifungua mfungo wake jioni hiyo. Alipika ndengu na chapati, jambo la Krismasi, na tulipoketi jikoni alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Wanawake wawili wa kwaya walikuwa wametoka kumwona. Nilitafuna kwa upande wa kulia. Chumvi ilipogusa upande wa kushoto machozi yalinilenga, nikajifanya ni moshi.

"Moshi leo hauko upande wako," mama akasema.

Nikaendelea kutafuna.

Akamimina chai kwenye kikombe changu. Ilikuwa imechemka na maziwa, mvuke ukipanda. Nikaishika, nikaizungusha mkononi, nikaiweka chini. Nikasema kitu kuhusu mvua. Nikaishika tena, nikaiweka.

Mama aliacha kuimba. Alinitazama mdomoni, si machoni, kwa muda. Kisha akachukua kikombe changu bila kuuliza, akachukua kingine kitupu, akaanza kuimimina chai kutoka kimoja kwenda kingine, juu, polepole, uzi mrefu wa rangi ya udongo, mara moja, tena, tena, kama alivyokuwa akinifanyia kabla sijaota meno. Alitia kidole akaonja. Akamimina tena.

"Sasa," akasema, akanirudishia. "Kunywa, baba. Imepoa."